Printa Imegoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Print Spooler

Ukurasa huu ni wa wenye saiba, makarani wa ofisi ndogo na yeyote anayetumia kompyuta ya mezani ya Windows hapa Nairobi. Mwisho wa Juni ukifika, watu wakikimbizana na ritani za KRA kabla ya tarehe 30, simu ninazopigiwa ni za aina moja: "Fundi, printa imekufa." Mara nyingi printa ni nzima kabisa. Kilichokwama ni huduma ya Windows iitwayo Print Spooler, na kuirudisha ni kazi ya dakika tano ukijua pa kushika. Majina ya vitufe na amri nimeyaacha vile yanavyoonekana kwenye skrini ili usipotee njiani.

Huduma ni nini, na hii Print Spooler kazi yake ni gani?

Huduma ninayoisema si ile ya Huduma Centre pale GPO. Kwenye Windows, huduma ni programu isiyo na dirisha. Huamka kompyuta inapowaka, hata kabla hujaandika neno la siri, kisha huendelea kufanya kazi kimyakimya. Ziko nyingi: moja inashughulikia sauti, nyingine masasisho, nyingine intaneti.

Print Spooler ni kama yule kijana anayepokea madebe kwenye posho mill. Unaleta mahindi, anayapokea, anayapanga kwenye foleni, nawe unaenda zako dukani. Mashine inasaga debe baada ya debe, na ukirudi unakuta unga wako tayari. Kwa njia hiyo hiyo, Word inaikabidhi spooler kazi ya kurasa 40 kwa sekunde chache tu, ukaendelea kuandika barua nyingine huku printa ikitoa karatasi moja moja.

Sasa debe moja likiwa na jiwe, mashine inakwama. Wote walio nyuma wanangoja, hata wenye mahindi safi. Karibu maswali yote yaliyo hapa chini ni ya hilo jiwe: limejificha wapi, na linatolewaje.

Nitajuaje kama tatizo ni spooler au ni printa yenyewe?

Kama printa yako ina kioo cha kunakili juu, weka kitambulisho hapo utoe fotokopi. Fotokopi haihitaji kompyuta. Ikitoka safi, mashine ni nzima, wino upo na karatasi zinavutwa vizuri. Basi geukia kompyuta au waya wake.

Dalili za spooler ni hizi. Orodha ya printa inakuwa tupu ghafla, hata ile uliyotumia asubuhi haipo. Au unabonyeza kuchapisha na Windows inakuambia huduma ya uchapishaji haifanyi kazi. Au kwenye foleni kuna kazi moja iliyoandikwa "Deleting" tangu saa nne, na haifutiki hata uibembeleze. Taa nyekundu inayomweka kwenye printa, kwa upande mwingine, ni habari ya karatasi, wino au mfuniko ulioachwa wazi. Usiisumbue spooler kwa hayo.

Mteja amesimama mbele yangu. Nianzie wapi?

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `services.msc`, kisha Enter. Litafunguka dirisha lenye orodha ndefu. Bonyeza herufi P upelekwe karibu, utafute Print Spooler. Bofya kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Restart. Kama Restart imefifia, ina maana huduma imezimika kabisa, kwa hiyo chagua Start.

Ukiwa hapo hapo, bofya jina lake mara mbili uangalie palipoandikwa "Startup type". Panatakiwa pawe "Automatic". Ukikuta "Disabled", kuna mtu au programu iliyoizima makusudi, na hata ukiilazimisha leo, kesho ukiwasha kompyuta itakuwa imelala tena.

Wengi watapona hapa. Mpe mteja karatasi zake, uendelee.

Nimeianzisha upya lakini kazi ile ile iliyokwama imerudi. Kwa nini?

Kwa sababu umemwamsha kijana wa posho mill bila kutoa debe lenye jiwe. Foleni haikai kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta tu, imeandikwa kwenye diski, ndani ya folda hii:

`C:\Windows\System32\spool\PRINTERS`

Kila kazi huwa na faili mbili humo. Inayoishia na SPL ndiyo mzigo wenyewe, yaani kurasa zenyewe. Inayoishia na SHD ni kama risiti: nani ametuma, kwa printa gani, kwa mpangilio upi. Spooler ikiamka, kitu cha kwanza inachofanya ni kusoma folda hiyo na kuendelea pale ilipoachia. Ndiyo maana hata kuzima kompyuta na kuiwasha hakusaidii, kazi mbovu inakungoja pale pale.

Dawa ni kuizima huduma, kumwaga foleni, kisha kuiwasha. Tafuta "cmd" (dirisha la kuandikia amri) kwenye menyu ya Start, uibofye kwa kitufe cha kulia na uchague "Run as administrator". Andika mistari hii mmoja mmoja:

`net stop spooler`

`del /Q /F "%systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*"`

`net start spooler`

Tahadhari mbili. Kwanza, futa vilivyo ndani ya folda, usifute folda ya PRINTERS yenyewe. Pili, ukimwaga foleni umemwaga ya kila mtu. Kama kompyuta nyingine tano za saiba zinapitia hapo, waambie wateja watume kazi zao upya kabla hawajaanza kukuuliza kurasa zao ziko wapi. Kilichofutwa humo hakirudi, ila faili asilia ya mteja, iwe ni CV au barua, haijaguswa.

Ninapoiwasha inaniambia "Access is denied".

Huna mamlaka ya msimamizi. Fungua cmd kwa "Run as administrator", au ingia kwa akaunti ya mwenye kompyuta. Basi.

Inawaka, inakaa sekunde chache, halafu inazima yenyewe. Hii nayo?

Hili ndilo swali lenye nyama, na ndipo mafundi wengi huchoka wakaanza kutaja habari ya kuformat, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya.

Spooler inayojizima mara kwa mara, hata baada ya kumwaga foleni, kwa kawaida inauawa na draiva. Draiva ni ile programu ndogo inayokuja na printa na kuifundisha Windows lugha ya mashine hiyo. Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya spooler yenyewe, kwa hiyo draiva ikianguka, inaanguka na mwenyeji wake. Tangu Windows 7, Microsoft waliweka njia ya kuzitenga draiva kwenye programu ya pembeni iitwayo PrintIsolationHost, lakini si kila draiva inakubali kutengwa, hasa zile za zamani.

Nikupe mfano. Kuna mama mmoja mwenye saiba Umoja aliyenunua printa ya mtumba, ikamsumbua, akaiuza na kuleta nyingine. Printa iliondoka, draiva yake ikabaki. Wiki chache baadaye, baada ya masasisho ya Windows, spooler ikaanza kufa kila inapowashwa. Alipoona nimefika alisema tu, "Fundi, ukinifutia hii mashine nimekwisha, picha za wateja wangu wote ziko humu." Fundi aliyetangulia alikuwa ameshamwambia aandae shilingi 1,500 za kuiformat.

Sikugusa chochote kwanza. Nilifungua Event Viewer (andika `eventvwr` kwenye Windows na R), nikaenda Windows Logs, kisha Application, nikatafuta mistari yenye alama nyekundu na namba 1000. Mstari huo hutaja programu iliyoanguka, hapa ilikuwa spoolsv.exe, na chini yake hutaja "Faulting module name", yaani faili iliyoiangusha. Jina lililokuwa hapo lilikuwa la faili ya DLL yenye herufi za kwanza za kampuni ya ile printa aliyoiuza. Mwizi ameacha kitambulisho chake mlangoni.

Shida ni kwamba huwezi kuondoa draiva kwa njia ya kawaida spooler ikiwa imezima, na yenyewe haikai macho. Kwa hiyo niliizima kwa `net stop spooler`, nikaingia `C:\Windows\System32\spool\drivers\x64\3`, nikaipata ile DLL na kuibadilisha jina kwa kuongeza ".old" mwishoni. Nikaiwasha spooler. Dakika moja, mbili, tatu, bado iko macho. Ndipo nikaandika `printui /s /t2`, amri inayofungua orodha ya draiva zote, nikachagua ile ya zamani, Remove, kisha "Remove driver and driver package". Printa yake mpya ikaanza kutema karatasi zilizokuwa zinangoja tangu jana yake.

Jambo moja la kushika hapa: ukiona jina la DLL ambalo hulijui, litafute kwanza kabla ya kulibadilisha. Ukiishia kuharibu faili ya Windows yenyewe, umejitafutia kazi ya pili.

Inasema "The dependency service or group failed to start", kosa 1068.

Spooler haisimami peke yake. Inaegemea huduma ya Remote Procedure Call, maarufu kama RPC, na ile ya HTTP. Andika `sc qc spooler` kwenye cmd uone inazitegemea zipi. Kisha rudi `services.msc` uhakikishe Remote Procedure Call iko "Running".

Ninapokuta kosa hili, swali langu la kwanza kwa mwenye kompyuta ni: "Uliweka programu gani ya kuongeza kasi?" Zile programu zinazoahidi kuifanya kompyuta ya zamani ikimbie kama mpya huzima huduma ovyo au kuandika vibaya kwenye registri, yaani daftari la mipangilio ya Windows. Ziondoe. Kama orodha ya utegemezi imeharibika, amri hii huirudisha:

`sc config spooler depend= RPCSS/http`

Nafasi iliyo baada ya alama ya = ni lazima iwepo, ukiiacha amri inakataa. Ni kitu cha ajabu, lakini ndivyo kilivyo.

Stima ikipotea katikati ya kuchapisha, nifanye nini?

Kupotea kwa stima ndiko chanzo kikubwa cha foleni zilizokwama katika saiba ninazohudumia. Faili ya SPL inakuwa imeandikwa nusu, au printa imepokea kurasa tatu kati ya kumi. Stima ikirudi, spooler inajaribu kuendelea na kazi iliyokatika, na printa inatema karatasi zenye herufi za kichina-si-kichina, ukurasa baada ya ukurasa. Karatasi ni pesa, kwa hiyo chomoa waya wa USB wa printa kwanza, mwaga foleni kama nilivyoeleza, kisha urudishe waya.

UPS ndogo (betri inayoshikilia kompyuta stima ikipotea) inasaidia sana. Lakini usichomeke printa ya leza kwenye UPS hiyo. Inapopasha moto huvuta umeme mwingi kwa mpigo, na UPS itazima kila kitu, yaani utakuwa umeleta kukatika kwa stima kwa mkono wako mwenyewe.

Kuna haja ya kuweka ijiwashe yenyewe ikianguka?

Ipo. Kwenye `services.msc`, bofya Print Spooler mara mbili, nenda kwenye "Recovery". Pale "First failure" na "Second failure" weka "Restart the Service". Pale "Subsequent failures" mimi huacha "Take No Action". Huduma iliyoanguka mara tatu ina ugonjwa, na ukiifanya ijiinue bila kikomo hutajua kamwe kwamba kuna jiwe kwenye debe.

Nimesikia spooler ni hatari na inafaa izimwe. Ni kweli?

Kuna ukweli ndani yake. Spooler hufanya kazi kwa mamlaka ya juu kabisa ya mfumo, na ni programu ya zamani, kwa hiyo wavamizi wanaipenda. Kirusi cha Stuxnet kilichogunduliwa mwaka 2010 kilitumia tundu la usalama la spooler kama mojawapo ya njia zake za kusambaa. Katikati ya 2021 likaja lile lililoitwa PrintNightmare, namba yake rasmi CVE-2021-34527. Mtu aliyekwisha kuingia kwenye mtandao wenu angeweza kulitumia kuweka draiva bandia na kuitawala kompyuta. Microsoft walitoa kiraka cha dharura Julai mwaka huo, na Agosti wakabadilisha utaratibu: kuweka draiva kupitia mtandao kukawa kunahitaji msimamizi.

Kwa hiyo, kompyuta isiyochapisha kabisa, kama ile ya kamera za ulinzi, izime spooler yake na uweke "Disabled". Saiba haiwezi, ni sawa na kufunga duka. Wewe weka masasisho. Na kama bado uko kwenye Windows 10, jua kwamba msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Spooler itaendelea kuchapisha, ila matundu mapya hayatazibwa kama hujajiandikisha kwa nyongeza ya viraka.

Ukiizima spooler, usishangae "Microsoft Print to PDF" nayo ikitoweka, maana kwa macho ya Windows hiyo ni printa kama nyingine. Ukitaka tu kuhifadhi risiti ya iTax (mfumo wa KRA wa mtandaoni), tumia "Save as PDF" iliyo ndani ya Chrome, hiyo haimtegemei spooler.

Kompyuta nyingine za saiba zinapata kosa 0x0000011b zikijaribu printa ya kaunta.

Kosa hili lilienea baada ya masasisho ya Septemba 2021, yaliyokaza usalama wa printa za pamoja. Mtaani wanakupa dawa ya kubadilisha namba kwenye registri ili ulegeze ulinzi huo. Inafanya kazi, lakini umefungua mlango uliofungwa kwa sababu. Sasisha kwanza kompyuta zote mbili, ya kaunta na ya mteja, kisha uondoe printa na kuiongeza upya. Na kabla ya yote, hakikisha kompyuta ya kaunta haijalala.

spoolsv.exe inakula kumbukumbu nyingi. Ni virusi?

Fungua Task Manager, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Open file location". Ile halali iko `C:\Windows\System32`. Ukiikuta kwenye folda ya Downloads au Temp, hiyo ni mgeni aliyevaa sare ya mwenyeji, endesha antivairasi mara moja. Ikiwa iko mahali pake na bado inakula, kuna kazi kubwa kwenye foleni, aghalabu ile PDF ya picha za skani ambayo mteja ameituma mara sita kwa kukosa subira.

Fundi anasisitiza lazima kuformat.

Mwulize amesoma nini kwenye Event Viewer. Akikosa jibu, ngoja kidogo. Kama draiva zote ni safi na foleni ni tupu lakini spooler bado inagoma, huenda faili za Windows zenyewe zimeharibika, na kuna amri mbili za kuzitengeneza bila kugusa nyaraka zako:

`DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth`

`sfc /scannow`

Anza na ya kwanza. Huenda ikavuta faili kutoka kwa Microsoft, kwa hiyo usiiendeshe kwa bando la simu linaloishia usiku wa manane. Zikishindwa zote mbili, hapo nami nitakubali kuformat, baada ya kuhifadhi kila kitu kwenye diski ya nje.

Na wanaotumia Linux au Mac?

Huko kazi hii inafanywa na CUPS. Kwenye Linux, `cancel -a` humwaga foleni na `sudo systemctl restart cups` huianzisha upya. Kwenye Mac, nenda kwenye mipangilio ya printa, shikilia Control ukibofya orodha ya printa, uchague "Reset printing system". Itafuta printa zote, utaziongeza tena.

Je, spooler inabaki na nakala za nyaraka za wateja?

Kwa kawaida kazi ikimaliza kuchapishwa, faili zake za SPL na SHD hufutwa. Lakini kwenye sifa za kila printa, sehemu ya "Advanced", kuna kisanduku kiitwacho "Keep printed documents". Kikiwa na alama ya vema, kila kitambulisho, taarifa ya benki na cheti cha tabia njema kilichopita kaunta yako kinabaki kwenye diski, na yeyote anayekaa hapo anaweza kukichapisha tena kwa kubofya mara moja. Nimekikuta kimewekwa alama kwenye saiba mbili, na wenyewe hawakujua. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, na mteja aliyekulipa shilingi kumi kwa ukurasa hakukuuzia siri zake. Fungua "Printer properties" sasa hivi, ondoa alama hiyo, kisha mwaga foleni kwa zile amri tatu za juu.